Boksi la mfukoni la Cotman (rangi 12): maoni ya mchoraji aliyehamia kisiwani

Kwa wenye haraka: nunua. Kama we ni mchoraji na umehamia kisiwani, au unajiandaa kuhamia, hili boksi dogo la rangi za maji la Winsor & Newton, lile la mfukoni la Cotman lenye rangi 12, ndo kitu cha kwanza ningekwambia utie kwenye begi kabla hata hujawaza turubai na stendi na makorokoro mengine yote. Mwenye muda asome hadi mwisho maana nina mengi ya kusema, hii kitu imegeuza kazi yangu kabisa.

Mi ni mtu wa rangi za mafuta. Miaka yote nimefanya kazi ndani, turubai kubwa, taa ya umeme, picha ya kuigizia imebandikwa ukutani, na kwa muda mrefu kabla sijahama kazi zilikuwa zinatoka lakini hazina uhai, yaani namaliza, watu wanasifia, mi mwenyewe naitazama naona ni picha ileile ya mwaka juzi imebadilishwa shati. Nikahama. Sababu za kuhama ni za kifamilia, siyo sanaa, ila moyoni nilikuwa natumaini mahali papya patanifungua, na pamenifungua kweli, japo haikuwa kwa njia niliyoitegemea.

Rangi za mafuta kisiwani ni mtihani. Tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi za mafuta, ni kimiminika kinachowaka kwa hiyo ndege hawaipokei, iwe begi la mkononi au la chini. Turubai inalegea unyevu ukizidi, halafu hewa ikikauka inajikaza tena. Na rangi yenyewe haikauki kama watu wanavyodhani, mafuta yanavuta oksijeni ya hewani taratibu ndo yanagandana, hiyo ni siku kadhaa au wiki nzima picha iko mbichi, na huku upepo wa bahari unailetea mchanga bila kukuomba ruhusa. Ukitaka kufanya kazi ndani sawa, yote hayo yanawezekana kudhibitiwa. Lakini mbona uhamie kisiwani halafu ujifungie ndani? Kilichopo huku kiko nje, na nje kinabadilika kila dakika, unahitaji kitu unachokifungua na kuanza saa hiyohiyo.

Ndo hili boksi sasa. Ni plastiki nyeupe, linaingia mfukoni bila shida, ukilifungua kuna vikasha 12 vidogo vya rangi kavu, mfuniko ndo paleti yenyewe ya kuchanganyia, na ndani kuna brashi fupi. Basi. Chupa ya maji, kitambaa, karatasi, umeondoka. Zile rangi ukizigusa na brashi yenye maji zinaamka palepale, na hilo linatokana na vilivyomo ndani: rangi ya maji ni pigmenti, yaani unga unaotoa rangi, iliyosagwa ikachanganywa na gundi ya mgunga, ambayo sehemu kubwa duniani inatoka Sudan, halafu inatiwa kitu cha kushika unyevu kidogo ili isiwe jiwe. Hawa Winsor & Newton walianza London mwaka 1832, na ni kati ya watu wa kwanza kutia gliserini, ndo hicho kitu cha kushika unyevu, kwenye rangi za vikasha, kabla ya hapo mtu alikuwa anasugua kidonge kigumu kwa maji mpaka mkono unauma.

Hapa kuna jambo la muhimu kwa watu wa visiwani na hakuna aliyeniambia mapema. Kuna kampuni zinatumia asali badala ya gliserini, au pamoja nayo. Asali inafanya rangi iwe laini na yenye kung'aa, tamu kweli kuifanyia kazi, ila asali inavuta unyevu wa hewani. Nilikuja na seti moja ya aina hiyo, jina siitaji, nzuri sana na ya gharama, na kwenye hewa ya huku haikukauka kabisa, ikabaki inanata wiki baada ya wiki na nikiinamisha boksi rangi zinatembea, njano inaingia kwenye buluu, ikawa uji. Siyo kosa la rangi, ni hali ya hewa haikubaliani nayo. Hizi za Cotman kwangu zinakauka vizuri tu ukiziacha wazi kidogo kivulini. Kwa hiyo anayeishi penye unyevu mwingi aangalie kilichomo ndani ya rangi kabla ya kuangalia sifa nyingine yoyote.

Tuje kwenye rangi zenyewe, maana hapa ndo penye utamu. Ndani unapata njano mbili (Lemon Yellow Hue na Cadmium Yellow Hue), nyekundu mbili (Cadmium Red Pale Hue na Alizarin Crimson Hue), buluu mbili (Ultramarine na Cobalt Blue Hue), kijani mbili (Viridian Hue na Sap Green), zile za udongo tatu, Yellow Ochre, Burnt Sienna na Burnt Umber, na nyeupe moja, Chinese White. Hilo neno Hue kwenye jina linakuambia kwamba pigmenti ya asili ya gharama, mfano kadimiamu au kobalti, imebadilishwa na nyingine ya bei nafuu yenye rangi inayokaribiana. Cotman ni daraja la wanafunzi na kampuni haifichi hilo. Wachoraji wengi wazoefu wakisikia daraja la wanafunzi wanageuza uso, mi nawaambia wasigeuze, kwa kazi ya nje ya kila siku, ya kutazama na kujifunza mahali, zinatosha na zinabaki, na ile bei ya chini inakupa uhuru wa kuharibu karatasi. Huo uhuru ndo nilikuwa nimeupoteza kwenye turubai kubwa. Turubai ikiwa ghali na rangi ghali, mkono unaogopa, unarudia unachokijua.

Nilichokuwa nakitegemea kisiwani ni machweo, minazi, bahari ya buluu, vitu vya kadi za posta. Nilivichora, vikaisha wiki ya kwanza, havikuwa na kitu cha kuniambia. Kilichonishika ni ufukwe maji yakipwa. Asiyekaa pwani hajui jinsi bahari inavyoweza kuondoka, unaamka asubuhi maji yako mlangoni, mchana kuna uwanda wa mchanga mbichi mpaka kule kwenye mwamba, una mifereji, una vidimbwi, una vitu vinavyotembea, na wote unaakisi mbingu lakini kwa rangi iliyochafuka kidogo, kijivu chenye waridi ndani yake, kahawia yenye buluu. Rangi ambazo sikuwahi kuzichanganya maishani. Halafu maji yanarudi yanafunika yote.

Na ratiba yake inakufundisha nidhamu. Sehemu nyingi duniani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, maana yake ufukwe uliouchora leo saa nne asubuhi kesho saa nne hauko vile, mwanga ni uleule lakini maji siyo yale. Ukitaka mwanga uleule na maji yaleyale itabidi usubiri karibu wiki mbili, na hapo kama ulichora wakati wa bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi, unaikuta bamvua nyingine. Sasa na rangi za mafuta ungefanyaje hapo? Hili boksi linamaliza mchoro kabla maji hayajageuka. Nikaanza mfululizo, sehemu ileile, kipande kilekile cha ufukwe kuanzia jiwe moja mpaka jingine, kila maji yakipwa nikiwa na nafasi. Mchoraji Mfaransa Monet alifanya kitu cha namna hii kwenye kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, mwaka 1886, alikaa zaidi ya miezi miwili akirudia miamba ileile katika hali tofauti za bahari na akarudi na turubai karibu 40. Tofauti ni kwamba yeye alibeba turubai kwenye upepo wa Atlantiki na mtu wa kumsaidia, mi nabeba mfukoni.

Nikupe mfano mmoja wa karibu ili uone hizi rangi zinafanyaje kazi. Kuna mashua imepinduliwa kwenye mchanga, chini yake kuna kivuli. Saa sita mchana ukikitazama kwa haraka utasema ni cheusi. Kaa nacho. Sehemu ya kivuli iliyo nje, kwenye mchanga, inapata mwanga wa mbingu tu kwa hiyo ni ya buluu-zambarau. Tumbo la mashua upande wa chini linapigwa na mwanga unaoruka kutoka kwenye mchanga mweupe, kwa hiyo penyewe pana joto, kama dhahabu iliyofifia, ingawa ni kivulini. Nikachukua Ultramarine na Burnt Sienna, hizo mbili zikichanganywa zinakupa kijivu chochote unachotaka kuanzia cha baridi mpaka cha moto, nikatia tone la Alizarin Crimson Hue, nikaweka na maji mengi. Halafu ukiacha bila kugusagusa, chembe za Ultramarine zinashuka kwenye vishimo vya karatasi na ile Sienna inabaki imetandaa juu, kijivu kinajitenga chenyewe, ukikaribia unaona buluu na kahawia pembeni kwa pembeni, ukirudi nyuma unaona kivuli kinachopumua. Kwa tumbo la mashua nikapitisha Yellow Ochre nyepesi wakati bado pabichi. Dakika kumi. Nilikaa nimeitazama ile karatasi kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwenye kazi kwa muda mrefu mno.

Siku nyingine mzee mmoja mvuvi alisimama nyuma yangu, nikamwamkia, akatazama kidogo karatasi, akatazama bahari, akaniambia, "Mwanangu, pale penye weusi si kina, pale ni majani. Kina kiko kule kwenye buluu iliyotulia." Kuanzia hapo bahari ilinibadilikia. Maji hunyonya wekundu wa mwanga kwanza na kuacha buluu, na penye kina kifupi juu ya mchanga mweupe mwanga unagonga chini unarudi, ndo ile rangi ya kijani-buluu ambayo kila mtu anaipiga picha. Nilijua hilo kwa vitabu. Lakini kujua kwamba baka jeusi ni shamba la majani, mstari mweupe ni mwamba, na pale panapotulia ndo chombo kinapita, hiyo inakufanya uchore ramani ya kazi za watu na siyo pambo. Kwa maji mafupi natumia Viridian Hue kidogo sana na Cobalt Blue Hue, maji mengi. Angalizo, hiyo Viridian Hue ni kali, ni pigmenti ya ftalo, aina ya kutengenezwa kiwandani, tone dogo linatawala mchanganyiko mzima na inaacha doa kwenye paleti. Kwa kina, Ultramarine nzito. Kwa majani, Sap Green na Burnt Umber, ukiiweka buluu ingali mbichi pembe zinayeyuka zenyewe kama zinavyoonekana majini.

Ile nyeupe sasa, Chinese White. Ina historia yake, ni nyeupe ya zinki ambayo kampuni hii iliitoa mwaka 1834 na ikapendwa sana, lakini kwa mwanga wa kisiwani ushauri wangu ni uitoe. Mwanga wa huku hauletwi na rangi nyeupe, unaletwa na karatasi uliyoiacha bila kuigusa. Mtu wa kumtazama kwa hili ni Winslow Homer, Mmarekani aliyezoea bahari ya kaskazini yenye kijivu, akaenda visiwa vya Bahamas kwenye majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885, akachora kwa rangi za maji na kazi zake zikafunguka, kuta nyeupe na mawingu ni karatasi tupu imezungukwa na rangi. Tafuta hizo picha uzitazame kwa makini. Vikasha vinatoka na kuingia kwa kidole na vinauzwa kimojakimoja, mi mahali pa nyeupe nimeweka Turquoise (kijani-buluu) ya Cotman hiyohiyo na sijajutia hata siku moja.

Kuhusu brashi iliyomo, ni ya mfukoni, ni ndogo kwa sababu boksi ni dogo, inafaa mistari na vitu vya mbali. Mbingu huwezi kuitandaza nayo. Beba na brashi moja nene ya mviringo yenye ncha nzuri, ya nywele za sintetiki inatosha, na hapo umekamilika. Nafasi ya kuchanganyia pia ni finyu, kwa mtu anayechora karatasi kubwa ataongeza sahani ndogo nyeupe. Na kwa kuwa ni daraja la wanafunzi pigmenti yake si nyingi kama ya daraja la wataalamu, ukitaka giza zito inabidi uchukue rangi nyingi zaidi kwa maji machache, ukishajua hilo unaendana nalo.

Utunzaji kisiwani, hapa nisikilize vizuri:

Boksi usilifunge likiwa bichi. Joto na unyevu na gundi ya mgunga, ukungu unaota. Liache wazi kivulini mpaka lishike, ndo ufunge, na kwenye mfuko unaolihifadhia tia vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu na vifaa vya umeme, usivitupe tena.

Karatasi ndo inaumia kuliko rangi. Karatasi ya rangi za maji inapakwa jelatini au kitu cha jamii hiyo ili rangi ikae juu na isizame, na unyevu wa muda mrefu unaiharibu hiyo tabaka, unapaka mbingu safi ghafla yanatokea madoa yaliyonyonya kama karatasi ya kufutia. Nunua kidogokidogo, usijaze stoo, na weka kwenye mfuko usiopitisha hewa. Chukua ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa vishimo, kuliko kuwekeza kwenye rangi za ghali wekeza hapo. Rangi ya kawaida kwenye karatasi nzuri inang'aa, rangi bora kwenye karatasi mbovu inakufa.

Maji ya bahari, najua inavutia kuchota palepale, ni wazo zuri masikioni. Chumvi inavuta unyevu hewani kwa hiyo picha haikauki sawasawa, na ile pete ya chuma ya brashi inaliwa. Ukitaka alama za chumvi, nyunyiza chembe chache kwa makusudi kwenye rangi mbichi, zinafanya vinyota vizuri sana, halafu zipanguse zote ikishakauka. Kwa kuchanganyia tumia maji ya chupa yasiyo na chumvi.

Na jua. Kuchora katikati ya jua kali karatasi nyeupe inakupofusha, utaweka rangi nyeusi mno halafu ukiingia ndani picha ni giza tupu. Kaa na mgongo kwa jua ili kivuli chako kiangukie karatasi, au tafuta mti. Picha ukishamaliza usiitundike inapopigwa na jua moja kwa moja, rangi za maji zinachuja, hilo ni kwa kampuni zote.

Kuna kitu napenda wachoraji waliohama wakijue, hasa wale ambao wamefika kisiwani na bado hawajasikia chochote. Mchoraji Mfaransa Matisse alikwenda Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, mwaka 1930 akiwa na miaka 60, akatazama, akaogelea, akapiga picha, na kazi aliyoifanya kule ilikuwa ndogo sana. Mwaka 1946, akiwa Paris, ndo alikata karatasi nyeupe maumbo ya samaki, ndege na mimea ya baharini akayabandika ukutani mwa chumba, na ikawa moja ya kazi kubwa za uzeeni mwake. Miaka 16 baadaye. Kwa hiyo usijikaze kwamba mwezi wa kwanza lazima utoke na maonyesho. Ila tazama, na ukiwa na boksi mfukoni kutazama kunaacha alama, vikaratasi vinajaa, unarudi navyo ndani unavitandaza sakafuni.

Mi nimerudi kwenye turubai sasa, za mafuta, kwa msimu wa hewa kavu, na zinatoka kwenye hivyo vikaratasi. Hakuna picha ya kuigizia ukutani. Paleti yangu ya mafuta nimeipunguza ifanane na ya boksi, buluu mbili, udongo tatu, nyekundu moja, na nyeusi nimeiondoa kabisa, vijivu vyote nachanganya kama nilivyofundishwa na kile kivuli cha mashua. Wanaonijua wa zamani wanauliza kama ni mtu mwingine anachora.

Kwa daraja la nyota natoa nne na nusu, ile nusu ni ya brashi na nafasi ya kuchanganyia. Ukinunua, agiza na vikasha viwili vya ziada vya Ultramarine na kimoja cha Burnt Sienna kwenye mzigo huohuo, maana ndo zitaisha kwanza, na mizigo ya visiwani mnajua wenyewe inavyosubiri chombo.